Watu Hawaulizi Reli, Wanauliza Njia Yao

Swali: "Mimi ni Mtendaji wa kijiji, wilaya ya Misungwi. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza hadi Isaka inapita katikati ya kijiji chetu. Kila nikitoka ofisini nasimamishwa: fidia lini, ng'ombe watavuka wapi, kisima kitabaki upande gani. Kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kuna mtu kaandika kwamba nyumba zote zilizo ndani ya mita 500 zitavunjwa. Niliitisha mkutano, mgeni rasmi akaeleza faida za reli kwa saa nzima, watu wakaondoka na maswali yao. Sina madaraka yoyote juu ya mradi. Nifanyeje wananchi wapate habari za kweli, na wazipate mapema?"

Dada Mtendaji, tuanze na huyo mgeni rasmi. Sidhani kama alisema uongo. Kipande chenu kina kilomita 341 ukijumlisha njia kuu na njia za kupishania treni, jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, na treni itakayopita hapo ni ya umeme, yenye kufikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ila mzee aliyetembea kutoka kitongoji cha mbali hakuja kusikia kilomita 341. Alikuja kuulizia hatua zake mia mbili, za kutoka zizini hadi lamboni. Akaelezwa habari za Burundi na Kongo, akarudi nyumbani anajua mzigo wa Burundi utapita wapi, asijue ng'ombe wake watapita wapi.

Nimekaa kati ya wakandarasi na wananchi kwa miaka mingi, na kosa langu kubwa lilikuwa la namna nyingine. Kwenye mradi mmoja, ambao sitautaja, tulifunga kivuko walichotumia wanafunzi. Mhandisi aliniambia wiki mbili, nami nikapanda gari la matangazo nikatangaza wiki mbili. Mvua zikaja, mtambo ukaharibika, wiki mbili zikawa miezi mitatu. Mimi sikurudi kusema kitu. Niliona aibu, nikajiambia ningoje nipate tarehe ya uhakika. Nilipokuwa nangoja, watoto walianza kupita ndani ya kalavati, mfereji wa maji unaopita chini ya njia, na habari ikaenea kwamba kivuko kimefungwa moja kwa moja na shule itahamishwa. Nilipokuja na tarehe ya kweli, hakuna aliyenisikiliza.

Ilichukua msimu mzima wa kilimo kuwarudisha watu mkutanoni, na kilichowarudisha ni ubao wa chaki. Kila Jumatatu asubuhi niliandika mistari mitatu: kilichofanyika wiki iliyopita, kitakachofanyika wiki hii, na swali ambalo halijapata jibu pamoja na siku nitakayorudi nalo. Kuna wiki mstari wa tatu ulisomeka vilevile kama wa juma lililotangulia: "Kivuko: bado hakuna jibu, nitaandika tena Jumatatu." Watu walicheka. Lakini walipita kusoma, na Jumatatu niliyochelewa kufika walinipigia simu kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo kutokuwa na madaraka kusikutishe. Huwezi kuamua fidia italipwa lini, lakini siku ya kurudi na kusema ulipofikia unaiamua wewe. Hilo peke yake ni nusu ya kazi, na miradi mingi mikubwa hushindwa hapohapo.

Nusu nyingine ni kuileta reli kwenye lugha ya kijiji, na hapa nitakaa kidogo. Wahandisi huitaja ardhi yenu kwa namba za kilomita. Kwao kalavati liko kilomita fulani na mita fulani, basi. Kwenu liko chini ya mbuyu, karibu na lambo, nyuma ya shamba la fulani. Tangazo likitoka kwa lugha yao, hata aliyesoma hajui kama linamhusu. Mwombe mkandarasi, kwa barua iliyopita kwa Mtendaji wa Kata, mchoro wa kipande kinachopita kijijini kwenu tu, wenye kuonyesha vivuko, makalavati, barabara za kuchepuka na ukomo wa mkuza, yaani ukanda wa ardhi ya reli. Mchoro wa Mwanza hadi Isaka nzima hautakusaidia kitu. Wakichelewa, wakumbushe kwa upole kwamba ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 kujibu ombi la maandishi. Anza na chai, sheria iweke mfukoni.

Ukishaupata, usiubandike ukutani ukadhani umemaliza. Tembea nao. Chukua wenyeviti wa vitongoji, wazee wawili watatu wanaoikumbuka mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, wafugaji, wakulima wa mpunga, kina mama wanaochota maji, na msimamizi mmoja wa mkandarasi mwenye mamlaka ya kuandika kitu kwenye daftari lake. Tembeeni mkuza mwanzo hadi mwisho wa kijiji. Kila mkifika penye alama, mpe mzee mmoja nafasi apataje mahali pale kwa jina lake, nawe uandike jina hilo kwenye mchoro kando ya namba ya mhandisi. Jioni utakuwa na karatasi moja inayosomeka na pande zote mbili, na kuanzia siku hiyo kila tangazo lako litaje jina la wazee kwanza.

Faida ya matembezi haya ni zaidi ya majina. Tuta la reli likikatiza mbuga ya mpunga, maji ya mvua yanayoshuka hukutana na ukuta. Kalavati likiwa dogo au likiwekwa mita hamsini kando ya njia ya maji, majaruba ya juu yatazama na ya chini yatakauka. Mhandisi ana hesabu za mvua na ramani ya miinuko, na ni hesabu nzuri, lakini mzee aliyeona nyumba ya jirani ikibebwa na maji mwaka 1998 ana habari ambayo haimo kwenye kompyuta. Habari hiyo ina kazi tuta likiwa bado halijajengwa. Likishashindiliwa, kulikata upya kuweka kalavati ni gharama ambayo hakuna atakayekubali kirahisi. Ndiyo maana nasema mapema. Mwananchi akiambiwa jambo wakati bado linaweza kubadilika, ameshirikishwa. Akiambiwa baadaye amearifiwa tu, na watu wanaijua tofauti hiyo hata kama hawana neno lake.

Ng'ombe nao wana hoja. Reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, watu na mifugo wameizoea kwa vizazi: treni inasikika ikiwa bado mbali, kila mtu anavuka anapotaka. Hii mpya ina uzio, na mwendo wake haufanani na wa ile. Wafanyie hesabu wafugaji mbele ya zizi. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde. Treni unayoiona ikiwa umbali wa kilomita moja itakuwa imekufikia kabla ya sekunde 25 kwisha, na dereva akikamata breki zote, itahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Kundi la ng'ombe hamsini halivuki mahali kwa sekunde 25. Mfugaji akishapiga hesabu hiyo mwenyewe hutamhubiria tena habari ya uzio. Atakuuliza kivuko cha chini kiko wapi na kina upana gani, na hilo ndilo swali la kumpelekea mhandisi wakati mchoro bado uko mezani. Kenya, tuta la SGR lilipokatiza Tsavo, tembo waliachiwa njia za kupita chini. Ng'ombe wa Misungwi hawaombi kikubwa kuliko hicho.

Sasa fidia, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Hapa sahau mkutano wa hadhara. Mkutano wa hadhara juu ya fidia hugeuka mnada: mmoja akitaja alichothaminiwa, wote wanapandwa na hasira. Mkutanoni eleza utaratibu tu, mambo ya mtu na mtu yaende kwa meza, kaya moja moja, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja. Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa dakika kumi. Mthamini anapima, anampiga mwenye mali picha akiwa na namba yake mbele ya mali ile, anaorodhesha ardhi, majengo, miti na mazao. Juu ya thamani hiyo kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Jedwali linakwenda kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakipita miezi sita, sheria inadai riba. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, uthamini unapaswa kurudiwa. Mwambie kila mtu atunze nakala ya fomu yake na aikumbuke namba yake kama anavyoikumbuka ya simu.

Halafu kuna neno moja dogo linaloumiza watu vijijini: "msiendeleze". Mthamini akishapita, mwananchi anaambiwa asiendeleze eneo. Yeye anasikia asilime kabisa. Misimu miwili inapita shamba limelala na pesa hazijaja. Pata kauli ya maandishi kuhusu mazao ya msimu: yanaruhusiwa au hayaruhusiwi, hadi lini. Ukiipata, ipige mbiu vitongoji vyote. Sijui tangazo lenye thamani kubwa kwa kaya maskini kuliko hilo.

Makaburi usiyachanganye na chochote. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake, ya mwaka 1969, lakini kabla ya sheria kuna heshima. Ndugu wa marehemu wasikie kwako au kwa mwenyekiti, uso kwa uso, nyumbani kwao, kabla kijiji hakijasikia. Waulize wanahitaji nini, dua, ibada au tambiko, na ni nani lazima awepo. Nimeona mradi ukisimama kwa sababu ya kaburi moja ambalo mtu aliliwekea alama ya rangi asubuhi wenyewe wakiwa shambani.

Maswali mengine si yako kuyajibu, na kuwazungusha watu ndiko kunakowachosha. Bomba la maji likikatwa ni RUWASA. Barabara ya kijijini iliyochepushwa ni TARURA pamoja na mkandarasi, barabara kuu ni TANROADS, nguzo ya umeme wa nyumbani ni TANESCO. Fidia ni TRC, shirika la reli lenyewe, na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Vumbi, kelele, mashimo na ajira ni mkandarasi. Andika karatasi moja yenye majina ya vyeo na namba za simu za ofisi hizo, ibandike ofisini, zahanati, shuleni, na kwenye duka ambalo kila mtu hununua sukari.

Lalamiko la mdomo hufa njiani. Nunua daftari la kaunta na ulichore safu: tarehe, jina, jambo, mahali, aliyepelekewa, siku ya kurudi na jibu, jibu lenyewe. Mlalamikaji aondoke na kipande cha karatasi chenye namba. Kila mwisho wa mwezi mkalishe afisa jamii wa mkandarasi mbele ya daftari hilo msome mstari kwa mstari. Usimsomee kwa hasira. Namba zenyewe zina sauti: akiona lalamiko la kumi na saba kuhusu vumbi la barabara ileile, boza la maji litapita kesho yake.

Mkutano mkuu wa kijiji mnao kisheria kila miezi mitatu, na ajenda ya reli iwepo kila mara hata kama hakuna jipya. Lakini tazama vizuri wanaokuja: wanaume watu wazima. Kina mama wakija wanakaa nyuma na hawanyanyui mkono, na ndio wanaovuka mkuza mara nyingi zaidi kwa siku, kwa maji, kuni na kliniki. Wafuate kisimani na kwenye vikoba. Watoto wanaochunga hawako shuleni wala mkutanoni, wafuate lamboni. Siku ya gulio ndiyo siku yako ya spika, maana hata vijiji jirani wapo. Na ongea Kisukuma, au umtafute anayekiongea vizuri kukuzidi. Bibi anaelewa "ukomo wa mkuza" pale tu utakapomwambia kwa maneno yake kwamba mbuzi asifungwe kupita kigingi kile.

Kuhusu ulipuaji wa miamba nitasema machache, kwa kuwa huko kwenu mawe hayakosekani. Siku, saa, mlio wa king'ora na mahali pa kusimama vitangazwe siku moja kabla, na tena asubuhi yake. Kabla ya mlipuko wa kwanza, nyumba za karibu zipigwe picha ndani na nje mwenye nyumba akiwepo, nakala abaki nayo, ili ufa ukitokea isiwe ubishi wa nani alianza. Mashimo ya kuchimba kifusi yatajwe kwenye matangazo yako kabla ya masika. Yakijaa maji, watoto huyaona bwawa la kuogelea.

Kuna siku moja itakuja, pengine wewe umeshahamishiwa kata nyingine, ya kuwasha umeme wa reli. Mwachie atakayekurithi maandishi. Nyaya zile hubeba volti 25,000, zaidi ya mara mia ya umeme wa nyumbani. Huhitaji kuzishika: umeme huo unaweza kuruka hewani kumfikia anayezikaribia akiwa na mti mrefu, bomba la chuma au waya wa tiara. Na zina umeme muda wote, treni ipite isipite. Watu watakuwa wameishi na nyaya tupu kwa miezi, watoto wamezizoea, wengine wameanikia nguo uzioni. Kutoka hali hiyo hadi hatari kamili ni usiku mmoja tu. Tangazo hilo lianze wiki nyingi kabla, lirudiwe hadi watu walichoke, na darasa la kwanza waweze kuliimba.

Tarehe ya treni kuanza kupita usiitaje kamwe, hata ukiulizwa na mkubwa wako mbele ya watu. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilizinduliwa ujenzi wake Aprili 2017, abiria wakaanza kupanda Juni 2024, na katikati hapo tarehe nyingi zilitajwa zikapita. Waliozitaja wakati ule hawakuwa waongo. Walikuwa wanakopa heshima kwa tarehe isiyo yao. Wewe taja tarehe ambazo funguo zake unazo: mkutano, matembezi, siku ya meza ya fidia, Jumatatu ya ubao.

Limebaki la WhatsApp. Usibishane na huyo wa mita 500, wala usimtoe kwenye grupu. Ukimtoa, kesho wataamini kwamba alikuwa na siri. Pengine hakutunga: kasikia kuhusu eneo la usalama la siku ya mlipuko akadhani ni ubomoaji, huwa inatokea. Mkuza una vigingi na bikoni, zile alama za mpaka za mpimaji, ardhini, na mtu hawezi kubishana na bikoni aliyoikanyaga. Mwombe mpimaji wa mradi asubuhi moja tu. Kisha rekodi ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili halafu Kisukuma, usizidi dakika moja, wenye maneno kama haya:

"Ndugu zangu, ni mimi Mtendaji wenu. Nimeona habari ya mita 500. Alhamisi saa tatu asubuhi mpimaji atakuwa pale kwenye mbuyu, atatembea kuonyesha bikoni moja baada ya nyingine hadi lamboni. Nyumba iliyo nje ya bikoni na iliyo ndani zote zitaonekana. Mwenye shaka aje, na aje na jirani yake. Asiyeweza kuja, picha za bikoni za kitongoji chake nitazituma hapa Alhamisi jioni."

Utume kabla jua halijazama, na Alhamisi jioni picha zitume kweli, hata kama mpimaji hakutokea. Ikiwa hivyo, tuma picha ya mbuyu na watu waliosimama kumngoja, uandike chini yake siku mpya aliyokupa.